Siri Zilizosafiri kwa Disketi

Habari ya kifo cha Sista Dorina ilinifikia Jumatatu asubuhi nikiwa darasani Nairobi, nikifundisha jambo lile lile lililomharibia jina. Sitanii. Ubaoni nilikuwa nimechora kisanduku, ndani yake nimeandika neno private, yaani faragha, na nilikuwa nimeanza kile kisa ninachokisimulia kila mwaka, cha programa mmoja huko Nyanza aliyedhani taarifa ikifichwa ndani ya programu imefichwa pia nje yake. Wanafunzi hukipenda kisa hicho. Hucheka sana pale programa anapoumbuka. Simu ilitetemeka mezani, nikausoma ujumbe, nikawaambia wapumzike dakika kumi, nikatoka. Sikurudi. Yule programa ni mimi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimemsimulia kana kwamba ni mtu niliyesikia habari zake tu, na hata asubuhi ile, nikiwa nimesimama koridoni na macho yameniiva, sikupata ujasiri wa kurudi ndani niseme ni nani. Sista Dorina alikuwa muuguzi asiyefungua kinywa chake, na watu wakaamini alikifungua. Aliyesababisha ni mimi, na niliyejua ukweli nikanyamaza ni mimi vilevile. Hayo yote yalitokea katika mwaka mmoja, na mwaka huo ndio ninaotaka kuusema bila kujipaka mafuta.

Ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Mvua za El Niño zilikuwa zimekwisha lakini barabara zilibaki mashimo matupu, na Migori yote ilinuka matope na dizeli. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, diploma mkononi, na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Mradi mmoja wa afya ulikuwa na kliniki mbili za akina mama, moja Migori, nyingine Homa Bay, ukaniajiri niziingize kumbukumbu zao kwenye kompyuta. Migori nilipewa chumba kilichokuwa stoo: dirisha dogo lenye nondo, rafu za pamba na bandeji, harufu ya dawa ya kuoshea sakafu, na meza moja ambayo kompyuta iliijaza yote hata kikombe changu cha chai nikawa nakiweka chini karibu na mguu. Ukuta uliotenganisha chumba changu na cha Sista ulikuwa wa plaiwudi. Kila kilichosemwa upande wa pili nilikisikia. Mwanzoni nilijifanya sisikii, halafu nikazoea, halafu nikaanza kukingojea.

Waliokuwa wakizungumza ni wanawake waliokuja kudungwa sindano ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu. Wengi wao waume zao hawakujua. Walikuja siku za soko wakiwa na vikapu, maana siku ya soko hakuna anayekuuliza unakwenda wapi na kikapu. Nilikuwa nikiwasikia wakiingia, wakiketi, wakizunguka kwanza na habari za mahindi na homa za watoto, kisha sauti inashuka. "Sista, akijua ataniua." Na Sista Dorina, kwa sauti ile yake nzito isiyokuwa na haraka, akijibu: "Atajulia wapi? Kadi iko kwangu, dawa iko ndani ya mkono yako. Wewe beba nyanya uende nyumbani." Mimi si Mjaluo, ni Mkuria wa upande wa Isebania, kwa hiyo Sista na mimi tulizungumza Kiswahili, na wanawake waliotoka Ukuria au Kisii alizungumza nao hivyo hivyo. Wale wengine waliongea Dholuo, lakini kufikia mwezi wa nne nilikuwa nimeshaokota maneno ya kutosha kujua ni nani anaogopa na ni nani anacheka.

Kadi hazikwenda nyumbani na wenyewe. Huo ndio ulikuwa utaratibu wa Sista, na haukuandikwa mahali popote. Mwanamke akishadungwa, kadi yake ilirudi ndani ya debe la biskuti chini ya meza, na juu ya kadi hapakuwa na jina lake. Wajaluo humwita mwanamke aliyeolewa kwa jina la kwao: Nyar Uyoma, Nyar Kadem, Nyar Karungu, yaani binti wa huko. Sista aliandika hivyo tu, na alama ndogo pembeni, kwa sababu mabinti wa Kadem walioolewa Migori hawakuwa mmoja wala wawili. Yupi ni yupi alijua yeye kichwani. Hata ungeliiba debe zima usingepata cha kumpelekea mume wa mtu. Leo ninapowafundisha vijana namna ya kuifungia taarifa ndani ya kitu ili isitoke ila kwa njia moja inayolindwa, huwa nalikumbuka debe lile, na najua kwamba mfumo salama kuliko wote niliowahi kuuona ulikuwa umekamilika kabla sijafika. Wakati ule niliuona ni takataka ya kuondolewa. Programu yangu ilikataa kuunda rekodi yoyote isiyokuwa na majina mawili, kijiji, na jina la mume.

"Chacha, hii ya mume ni ya nini?" Sista aliniuliza siku ya kwanza tulipokaa kuandikisha.

"Ya kumtambua mtu, Sista. Nyar Kadem wako kumi na mmoja."

"Mimi nawatambua."

"Na siku haupo?"

Alifikiri. "Siku sipo," akasema, "si watakuja siku niko?"

Nilicheka. Nilicheka kweli, nikampa na mhadhara kuhusu dunia inakokwenda, mama mwenye umri wa kunizaa, aliyekuwa amefanya kazi ile miaka kumi na minne. Mwishowe alikubali, kwa sababu mradi ulitaka na kwa sababu, nadhani, alinipenda. Kwa wiki tatu alikaa kando yangu akitoa kadi moja moja kutoka kwenye debe na kunitajia mtu mzima mzima: jina, kijiji, mume. Kwa wale walioogopa aliniambia niandike katika sehemu ya maelezo, mume hajui, ili muuguzi wa Homa Bay asije akatuma ujumbe nyumbani. Kila alipotaja jina aliangalia mlango kwanza.

Ili asiwe na wasiwasi nilimwonyesha. Katika aina ya programu niliyotumia, kila mteja ni kitu kinachojitegemea. Taarifa zake zimo ndani yake, na kitu chenyewe ndicho huamua nani aambiwe nini. Unaweka neno private mbele ya taarifa, na tangu hapo hakuna sehemu nyingine ya programu inayoweza kuigusa moja kwa moja. Ni lazima iombe, na kitu kilikague ombi. Niliiweka private sindano, nikayaweka private maelezo. Nikabofya kwa jina la karani, na skrini ikaandika: Huna ruhusa. Sista akaandika neno lake la siri, mambo yakafunguka. Akabofya tena kwa jina la karani, akafurahi kama mtoto, akawaita wauguzi wengine waje waone kompyuta inavyokataa. "Hii ni mimi kabisa," akasema. Maneno hayo nimeyabeba miaka yote.

Shida ikawa safari. Wengi wa wanawake wale walikuwa wachuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, leo wako Homa Bay ufuoni, wiki ijayo wako soko la Migori, na sindano ikifika wakati wake walitaka waipate popote walipo. Hatukuwa na mtandao wa kuziunganisha kliniki mbili, kwa hiyo kila Ijumaa kumbukumbu zilisafiri na gari la mradi zikiwa kwenye disketi. Lakini kitu kilicho hai ndani ya programu hakitiwi mfukoni hivi hivi. Ni lazima kikunjuliwe chote, kipangwe baiti baada ya baiti kwenye faili, na kikifika kijengwe upya. Java, lugha niliyoiandikia programu, ilikuwa na njia rahisi ajabu ya kufanya hivyo: unaongeza neno moja, Serializable, na lugha inakufanyia kazi yote. Na ili iifanye yote, inachukua kila kilichomo ndani, cha private na kisicho cha private, bila kukiuliza kile kitu. Haina budi, kwa kuwa ikiacha kitu nyuma, anayefika Homa Bay ni mwanamke nusu. Kitabu changu kilitaja neno jingine, transient, la kuizuia taarifa isisafiri. Nililisoma. Nilijua kwamba nikilitumia itabidi niandike mwenyewe namna ya kuisafirisha ile siri ikiwa imefumbwa isisomeke, kazi ya siku tatu, pengine nne. Madam, mratibu wetu aliyekaa Kisumu, alitaka mfumo uwe tayari kufikia mwisho wa mwezi, nami nilitaka kuonekana hodari. Nikafungua ukurasa uliofuata.

Nilionywa, tena na mtu ambaye hakujua hata neno moja la programu. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana, na Sista alikuwa ameleta nyoyo, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, na samaki wa kukaanga, kwa sababu alipenda kunitazama nikihangaika na miiba. "Ona mtu wa ng'ombe," alikuwa akiwaambia wenzake, "anakula samaki kama anatengeneza saa." Siku hiyo aliniita nikanawe mikono nije nione kitu kwenye skrini. Rekodi tano zilizorudi kutoka Homa Bay hazikuwa na jina la mume. Zilikuwa za zamani, nilizozihifadhi huko huko kabla sijaja Migori na kuongeza sharti hilo, na ziliposomwa kutoka kwenye disketi zilikuwa zimejengwa tena bila kupita kwenye ukaguzi wangu hata kidogo.

"Si ulisema bila mume inakataa?" akauliza.

"Inakataa ukiandikisha upya. Hizi zimetoka kwa disketi."

"Kwa hivyo kwa disketi hakuna mtu mlangoni."

"Sista, hiyo ni mambo ya technical."

Alitafuna polepole, akitoa mwiba mdomoni. "Mimi nauliza tu. Kama inaingia bila kukuuliza, wakati inatoka inakuuliza?"

Nikamwambia ale, samaki anapoa. Kila mwaka nikisahihisha mitihani huwa natafuta mwanafunzi atakayeuliza swali lile kwa maneno machache namna ile, na sijampata.

Kati ya wanawake wa upande wa pili wa plaiwudi kulikuwa na mmoja niliyempenda kumsikia kuliko wote, Nyar Karungu. Jina lake Risper. Aliuza omena, aliishi na mumewe na watoto sita nje kidogo ya Homa Bay, na alipokuja Migori kicheko chake kilifika kabla yake. Alikuwa akipitia mlangoni kwangu akichungulia ile kompyuta. "Mkuria, hiyo kitu imeshajua kuongea ama bado?" Nikimjibu bado, anasema, "Basi iko na akili kuliko wanaume." Alimwamini Sista kupita kiasi. Siku moja nilimsikia akimwambia kwamba mtoto wa sita karibu amwue, kwamba daktari alimwambia wa saba asijaribu, na kwamba mumewe alitaka wanane kwa sababu ndugu yake alikuwa na wanane. Mimi ndiye niliyeandika jina lake lote, na jina la huyo mumewe, na chini yake mume hajui. Niliandika kwa maneno kamili, bila alama wala namba, kwa sababu niliona maneno yanapendeza kwenye ripoti.

Mwezi wa tisa, siku ya Jumatano, mumewe alikuja Migori. Sikumwona uso, nilisikia tu upande wa pili wa ukuta. Hakupiga kelele nyingi. Alimtajia Sista tarehe ya kila sindano, moja baada ya nyingine, kisha akasema kwa Kiswahili, labda ili wote tuliokuwa kwenye jengo tuelewe: "Wewe mama umenifungia nyumba na kufuli na mimi sikujua. Huyo mwanamke nimerudisha kwao. Watoto wanabaki." Akatoka. Nikamsikia Sista akilivuta debe la biskuti kutoka chini ya meza na kuanza kuzihesabu kadi, akidhani moja imepotea. Risper alirudi Karungu bila mtoto hata mmoja, na yule mdogo alikuwa hajatimiza miaka miwili. Kabla ya soko lililofuata habari ilikuwa imeenea kwamba Sista Dorina amesema. Nani mwingine angejua?

Ijumaa nilipanda gari la mradi kwenda Homa Bay, nikijiambia nakwenda kurekebisha printa. Ofisi ile ilitazama ziwa, na karani wake, Odindo, alikuwa mtu mcheshi asiye na ubaya wowote. Nilimkuta akila chapati na maharage juu ya kibodi. Nilimwuliza kama kuna mtu aliyewahi kufungua rekodi za wateja. Akashangaa kwamba ninauliza. "Si tunasoma tu? Programu yako inakataa, lakini ukibofya ile faili yenyewe, kompyuta inauliza ifungue na nini. Mimi nilichagua Notepad, ile ya maandishi tu." Akanionyesha, mkono mmoja ukishika chapati. Skrini ilijaa vidude vya ajabu, na katikati yake, kwa herufi safi kabisa, majina. Vijiji. Waume. Tarehe za sindano. Nikaona mume hajui, nikaiona tena chini yake, na tena, hadi mwisho wa ukurasa. Odindo alikuwa amemsomea rafiki yake, tarehe na yote, wakicheka tu, na rafiki huyo alikuwa ndugu wa mume wa Risper. "Nilidhani kama ingekuwa siri ungeifunga," akasema. Hakuwa akinikejeli. Niliiondoa disketi, nikaitia mfukoni, nikamwambia asifungue tena.

Nilikuwa na siku nne za kusema. Ijumaa jioni, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Jumatatu Sista alinipitishia chai kama kawaida, na hakukuwa na mwanamke hata mmoja kwenye benchi lake. Tuliketi tukisikiliza mashine ya kusaga mahindi ya jirani. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni, nakumbuka hata ilivyoanza: Sista, ile disketi. Halafu nikafikiria barua ya kuachishwa kazi, nikafikiria wenzangu wa chuo watakavyosikia, nikamwuliza kama sukari ipo.

Jumanne Madam alikuja kutoka Kisumu. Tulikaa wanne katika chumba changu cha stoo, yeye, Sista, mkuu wa kliniki na mimi, magoti yakigusana.

"Sista, huko nje wanasema umeongea," Madam alianza.

"Sijaongea, Madam. Miaka kumi na nne sijaongea."

"Basi imetoka wapi? Chacha, hii mashine inaweza kutoa?"

Niliivuta kibodi. Nikaingia kwa jina la karani, nikalitafuta jina la Risper, nikabofya. Huna ruhusa. Nikabofya tena ili waone vizuri. "Private, Madam," nikasema. "Haitoi."

"Uko sure?"

"Niko sure."

Ningekuwa nimesema uongo mbele ya mtu anayenishuku, pengine ningeusahau. Lakini Sista Dorina aliniamini. Aliitazama skrini iliyokuwa ikikataa mbele ya macho yake, kisha akaitazama mikono yake mapajani, na nikaona uso wake ukianza kutafuta. Alikuwa akijichunguza. Alikuwa akipitia siku zake moja moja, mazishini, kanisani, sokoni, akijiuliza ni wapi labda, kwa bahati mbaya, alisema neno. "Labda…" akaanza. Hiyo "labda" ndiyo waliyoiandika kwenye ripoti. Mwezi uliofuata alipelekwa kwenye zahanati ndogo kule Macalder, kwa wachimba dhahabu, ambako hapakuwa na benchi la wanawake, na baada ya mwaka mmoja aliacha kazi akarudi kwao Rusinga. Mimi nilikaa alasiri mbili nikarekebisha programu, siri zikawa zinasafiri zikiwa zimefumbwa, nikaandika kwenye daftari la kazi: mabadiliko madogo ya usalama. Madam alinisifu kwa kujituma. Nilikubali sifa hizo.

Siku Sista anaondoka Migori alikuja kuniaga. Aliniambia nimekonda, nile. Halafu akaniuliza, kwa upole, kama katika kompyuta kuna mahali panapoonyesha mtu alisema nini na lini, ili ajue alikosea siku gani. Nikamwambia hapana, hakuna mahali kama hapo.

Nilikwenda Rusinga kumzika. Alikuwa Msabato, kwa hiyo maziko yalikuwa Jumapili wala si Jumamosi, na kwaya yake ilikuwa imevaa sare na kuimba vizuri mno. Niliketi hema la mwisho. Binti yake alisoma wasifu na kusema mama aliacha kazi kwa sababu za kifamilia, na kuna wanawake wazee waliotazamana. Kisha mwendesha shughuli akaita marafiki, na akasimama mama mwembamba mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Nilimtambua kwa sauti. Alisema kwa Dholuo, na Dholuo yangu ilitosha. "Mimi na marehemu tulikosana. Alitoa siri yangu, nikapoteza nyumba, watoto wangu wakakua wakiniona sokoni kama mgeni. Nimezeeka. Leo nimekuja kumwambia nimemsamehe." Watu wakanung'unika kwa kukubali, mmoja akapiga kigelegele kidogo. Binti wa Sista aliinamisha kichwa, na nikaona jinsi aibu ile, ambayo haikuwa yao, imekaa katika nyumba ile miaka yote.

Nilimfuata Risper hadi kwenye tangi ambapo watu walinawa mikono. Nikamwambia mimi ni nani. Alitabasamu, "Ai, Mkuria!" na tabasamu hilo liliniumiza zaidi ya kofi. Nikamwambia yote, disketi, Odindo, Jumanne ile. Maji yaliendelea kutiririka juu ya vidole vyake na hakuyafunga.

"Kwa hivyo hakusema," akasema.

"Hakusema kitu, mama. Hata siku moja."

"Alikuja kwangu. Mara tatu. Mara ya mwisho mguu ilikuwa imeanza kumsumbua, alitoka huku Rusinga mpaka Karungu. Nilituma mjukuu amwambie sipo." Akanitazama. "Nilikuwa nyuma ya pazia, namwona. Alikaa kwa jua pale nje, akapumzika, akaenda."

Nikasema samahani. Sijui nilitegemea nini.

"Yako tutaongea siku ingine," akasema, akaufunga mfereji. "Leo ni yake. Enda uwaambie."

"Wameshafika kwa mchungaji."

"Mchungaji atangoja."

Mwendesha shughuli aliniuliza mimi ni nani kwa marehemu, nikasema wa kazini, akanipa maikrofoni. Nikaanza kwa Kiswahili kueleza kwamba kulikuwa na kompyuta, na kwamba taarifa zilikuwa zimefungwa ndani, lakini kwenye disketi. Nilikiona kile nilichokuwa nikifanya. Nyuso zilikuwa zimeanza kuchoka, na mimi nilikuwa nimeshaingia tena ndani ya maelezo na kujifungia. Nikayaacha. Kisha nikasema: "Sista Dorina hakusema siri ya mtu yeyote. Mimi ndiye niliyezitoa, na niliulizwa, nikamwachia yeye lawama." Binti yake alikuwa ameinua kichwa na kunikazia macho, na sikuona msamaha humo. Nikarudisha maikrofoni. Risper alikuwa amepita katikati ya viti hadi mbele. Aliweka kiganja juu ya jeneza, akainama karibu sana, na kwa kuwa watu wote walikuwa kimya tulimsikia.

"Siku ile nilikuwepo," alimwambia.